Waranti ya Kununua: Mjadala wa Barazani Kizimbani

Karatasi yenyewe ni moja, imeandikwa Kiingereza mbele na nyuma, ina muhuri wa buluu uliochafuka pembeni. Mtoto wa kaka yangu aliiweka katikati ya baraza tulipotoka msikitini alasiri, akaizuia kwa kikombe cha kahawa upepo usiichukue. Ng'ambo ya njia karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi, na hata vespa zilikuwa zikipunguza mwendo zisirushe vumbi.

Karatasi inahusu gari ambayo bado hajainunua: Subaru Forester ya mwaka 2010, mtumba wa Japani, ile yenye tabo na tundu la kuvutia hewa juu ya boneti. Nguvu zake ni farasi 230, na mwenye yadi mjini anaitaka milioni 26. Akiongezewa milioni 1 na laki 6, anatoa waranti ya mwaka mmoja. Kijana hutembeza wageni kwenye mashamba ya viungo hapa kwetu, Kidichi na Dole. Nusu ya pesa ni yake, nusu ya shangazi yake, dada yangu, ambaye hufunga mdalasini na iliki kwenye vifuko na kuwauzia wageni haohao. Muuzaji amewapa mpaka Jumatatu.

Niliomba ruhusa kuyaandika yaliyosemwa. Walikubali kwa sharti nisitaje majina.

KIJANA: Ami, gari siiogopi. Naogopa tabo. Kila ninayemuuliza ananambia tabo ikifa ni kilio. Sasa mtu anakwambia toa milioni na ushei ulale usingizi mwaka mzima, utakataa vipi?

FUNDI: Lala, bwana. Lakini kwanza tazama unalalia nini.

Fundi ana gereji yake Mwanakwerekwe, na alikuja kwa sababu tulimwita. Ni mtu wa maneno machache mpaka umguse kwenye injini. Hapo ndipo alipoguswa.

FUNDI: Injini hiyo ni EJ20. Silinda nne zimelala, mbili kulia, mbili kushoto. Subaru waliianza mwaka 1989 kwenye Legacy.

KIJANA: Na 2019 wakatoa WRX STI za kuagana nayo, gari 555 tu. Injini hiyo ndiyo iliyomshindia Colin McRae Safari Rally 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Njia za Kenya zile, fundi, mawe na matope. Gari imeshinda huko itashindwa na njia ya Mwera?

FUNDI: McRae alikuwa na gari la mafundi linamngoja kila kituo, na vipuri vipya kwenye maboksi. Wewe utakuwa na mie, na spea itakayotoka Dar kwa boti kesho kutwa. Injini siitukani, mwanangu, ni injini ya kiume. Ila inataka kutunzwa, na hujui aliyekuwa nayo kabla yako aliitunzaje. Mkanda wa taimingi unatakiwa ubadilishwe kila kilomita laki moja. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni, na hapo mazungumzo yamekwisha. Tabo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka injini unaizungusha ya kwanza, ya pili inasukuma hewa ndani ya silinda. Mhimili ule unazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachouzuia usisage chuma kwa chuma ni utando wa oili mwembamba kuliko karatasi hii. Mwenye gari akichelewa kubadilisha oili, au akizima injini bado imechemka kila siku, ule utando unaungua unakuwa masizi. Masizi yanaziba njia ya oili. Tabo haifi siku moja, inakufa kwa mwaka mzima, na mwenyewe haoni.

Kuna jambo la petroli pia, ambalo alilieleza kwa kirefu na mimi nalifupisha. Japani petroli ya daraja la juu ina oktani inayokaribia 100, na gari hizi zilipangwa kwa hiyo. Ya kwetu haifiki hapo. Injini ya tabo ikinyweshwa petroli dhaifu huku inakimbizwa, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, pistoni inapigwa, na kingo zinazoshika ringi zinapasuka. Aliniomba niliandike hilo hasa. Wateja wake wengi, alisema, wanadhani oktani ni maneno ya tangazo.

Nikaichukua karatasi nikaanza kuisoma kwa sauti, naifasiri njiani. Upande wa mbele unapendeza. Injini imo, giaboksi imo, tabo imo. Upande wa nyuma ndipo ilipo kazi. Mkanda haumo, kwa sababu unachakaa. Ringi na gasketi hazimo, sababu hiyohiyo. Madhara yoyote ya injini kuchemka hayamo. Madhara ya petroli isiyofaa hayamo. Ubovu uliokuwapo kabla ya siku ya mauzo haumo. Tabo inalipwa iwapo tu oili imebadilishwa kila kilomita 5,000 kwenye gereji atakayoichagua muuzaji, na risiti zote zipo.

FUNDI: Rudia hapo. Ubovu uliokuwapo kabla.

MIE: Haumo.

FUNDI: Tabo iliyoanza kufa Japani miaka miwili iliyopita, ikamaliza kufa Kizimbani mwezi wa tatu, imekufa lini?

Hakuna aliyemjibu. Mwandishi wa karatasi amejiwekea haki ya kujibu yeye.

Kisha nikatoa kalamu. Waranti ni ya mwaka mmoja au kilomita 20,000, kitakachotangulia. Kila unapodai, laki 3 za mwanzo unatoa wewe. Jumla ya watakacholipa mwaka mzima haipiti milioni 3. Kwa hiyo gari ikipata ubovu mmoja tu, usiofika 1,900,000, kijana atakuwa ametoa zaidi ya alichopata. Na tuseme imekufa injini nzima, gharama milioni 5. Wao watalipa 3, yeye 2, na juu yake ile 1,600,000 aliyokwisha kuitoa. Faida yake yote, katika balaa kubwa kuliko yote, ni 1,400,000. Hiyo ni iwapo watakubali kulipa.

Nilidhani hesabu hiyo imemaliza mjadala. Dada yangu alikuwa ameketi kizingitini, anachambua makonyo kwenye ungo. Aliusukuma ungo kando.

SHANGAZI: Nyie mnapiga hesabu kama kwamba pesa ipo kabatini. Milioni na nusu leo ninayo. Milioni tano Mfunguo Sita sina, na sitakuwa nayo. Mkarafuu unazaa mwaka huu, mwakani unapumzika. Hilo mnalijua wote hapa. Injini ikifa katikati ya msimu wa wageni, huyu hana gari, hana kazi, na deni langu halilipiki. Mie sinunui faida. Nanunua nisizame.

Napenda kusema wazi kwamba hili ndilo neno zito kuliko yote niliyoyasikia siku ile, na wengi wanaoandika dhidi ya waranti hulipita. Husema muuzaji lazima apate faida, kwa hiyo mnunuzi kwa wastani lazima apate hasara. Kweli. Lakini mtu mmoja haishi kwa wastani. Mwenye gari kumi anaweza kujibebea hasara, moja ikifa tisa zitailipia. Mwenye gari moja ya mkopo, akipata balaa moja, amekwisha. Kwake hasara ndogo ya hakika ili kuepuka kubwa ya kubahatisha si ujinga. Ndiyo akili iliyozaa bima.

Ninapotofautiana na dada ni kwenye karatasi hii, si kwenye hofu yake. Anayeogopa kuzama anahitaji kamba inayofika majini, na hii inakatikia milioni 3, tena kwa masharti. Halafu nani ameishika ncha ya pili? Si kampuni ya Subaru. Si shirika la bima. Ni mwenye yadi aliyepanga kiwanja. Akifunga yadi mwezi wa tano, karatasi itabaki na muhuri wake.

Watu wengi, hata waliosoma, huchanganya hapa. Bima kubwa ya gari hulipa ajali, moto na wizi, wala haikulipii injini iliyochakaa. Hati ya ukaguzi inayotakiwa na Taasisi ya Viwango Zanzibar kwa gari za mtumba husema siku ile ya ukaguzi gari ilifaa kutembea barabarani, haisemi tabo itaishi mpaka lini. Na mtu anayekusanya pesa za wengi kwa ahadi ya kuwalipia hasara isiyojulikana anafanya kazi inayofanana mno na bima, na bima nchini ina msimamizi wake, TIRA. Muulizeni mwenye yadi ahadi yake ina mlango gani wa kugonga akikataa kulipa. Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ipo kupokea malalamiko ya mnunuzi, lakini hata tume itakuuliza kwanza ulitia saini nini.

USTADHI: Mie nimekaa Maskati miaka kumi na moja. Nilinunua Patrol iliyotumika na waranti yake, na nilifaidi. Giaboksi iligoma, wakanipa nyingine, sikutoa hata baisa.

KIJANA: Si hayo, ami!

USTADHI: Ngoja nimalize. Aliyenipa alikuwa ndiye wakala aliyeiingiza gari nchini. Kitabu cha matengenezo anacho tangu ilipokuwa mpya. Gereji yake, spea zake, mafundi wake. Kwake kunitilia giaboksi si kutoa pesa mfukoni, ni kutoa kitu kwenye rafu. Na Oman tangu 2011 ina mamlaka ya kumlinda mnunuzi, na wafanyabiashara wanaiogopa. Hebu vitoe hivyo vyote, ubakishe karatasi tu. Imebaki nini?

Ustadhi husomesha madrasa, na nilijua hataishia hapo. Alieleza kwamba kuna suala la sheria ya dini ndani ya waranti hii. Dhamana inayokuja pamoja na bidhaa, ndani ya bei moja, wanazuoni wengi hawana tabu nayo. Lakini dhamana inayouzwa kando, kwa pesa yake, ni kuuza kitu ambacho hakuna ajuaye kama kitakuwapo wala kiasi chake. Huo ni gharari, na wanazuoni wengi wa leo wanaiweka pamoja na bima ya biashara. Wapo wanaoruhusu. Yeye hakutaka kumharamishia mtu kwa neno lake peke yake, akataja kwamba hata Shirika la Bima la Zanzibar sasa lina huduma ya takaful, kwa sababu watu walikuwa wakiuliza suala hilihili.

USTADHI: Lakini sheria haikumwacha mnunuzi uchi. Ipo hiari ya aibu. Ukikuta kwenye bidhaa ubovu uliokuwapo kwa muuzaji na hukuuona, una haki ya kurudisha. Kwa madhehebu yetu ya Shafii urudishe mara tu unapoujua, usiendelee kuitumia. Na ipo hiari ya sharti: mnakubaliana kabla, unakaa na bidhaa siku tatu, ukiona haikufai unarudisha. Hizi hazinunuliwi. Zimo ndani ya biashara yenyewe. Mnakumbuka kisa cha Mtume, rehma na amani zimshukie, na lundo la chakula sokoni? Alitia mkono ndani, akakuta unyevu.

SHANGAZI: Juu kavu, chini maji.

USTADHI: Naam.

SHANGAZI: Basi si ndivyo wanavyofanya ZSTC wanaponunua karafuu? Nikipeleka gunia hawanambii, mama, tununue na waranti. Wanatia mkono ndani. Wanapima unyevu. Wakikuta makonyo wananishusha daraja hapohapo. Na mie karafuu nazijua, nimezichuma mwenyewe. Nikiona wanalifungulia gunia chini, natazama pembeni nikijua nilichotia.

Sote tulinyamaza kidogo. Hapa Kizimbani karafuu ilipandwa mwanzoni mwa karne ya 19, miongoni mwa za kwanza kisiwani, na watu wa hapa wamekuwa wakiuza na kununua kitu kinachofichika ndani ya gunia tangu hapo. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya soko la gari za mtumba, ambayo baadaye ilichangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake mwanamke huyu angeweza kumsomesha: muuzaji anaijua gari, mnunuzi haijui, kwa hiyo mnunuzi hathubutu kutoa bei ya gari nzuri, na mwenye gari nzuri anaiondoa sokoni. Gari mbovu ndizo zinazobaki. Akerlof aliitaja dhamana kuwa moja ya dawa za maradhi hayo. Lakini dawa hiyo hufanya kazi pale muuzaji anapobeba hasara mwenyewe. Aliye tayari kulipa gari ikifa anatuambia kitu kuhusu gari. Akitutoza sisi pesa ya ahadi hiyo, kisha akaizungushia masharti, hajatuambia chochote. Ametuuzia bidhaa ya pili.

Huo ndio msimamo wangu, na niliwaambia palepale. Dhamana ya mtumba itafutwe ndani ya bei, kwa yule anayeijua gari. Ile 1,600,000 aitunze dada, kwenye akaunti ya peke yake, kwa jina la gari. Ikipita miezi kumi na miwili salama, ni yake.

SHANGAZI: Na ikifa mwezi wa pili?

MIE: Itakuwa imekufa ukiwa na 1,600,000 mkononi, bila ya kuandika barua kwa mtu. Haitoshi, dada. Sikudanganyi kwamba inatosha. Kwa hiyo pesa ya kwanza kutoka kwenye hiyo ni ya fundi, kabla hatujanunua.

FUNDI: Nataka asubuhi mapema, gari ikiwa baridi. Mtu asiiwashe kabla yangu. Nitapima mgandamizo silinda moja moja, nitasoma kompyuta yake, nitachomoa kijiti cha oili ninuse. Na ile karatasi ya mnada wa Japani muuzaji aitoe, ya asili, tuone daraja na kilomita. Ikiwa na R, imewahi kugongwa ikatengenezwa. Akisema imepotea, na sisi tupotee.

KIJANA: Na akiuza kwa mwingine kabla ya Jumatatu?

SHANGAZI: Aende nayo salama. Subaru zimekwisha Japani?

Kijana hakucheka. Namwelewa. Nilimwona Ijumaa iliyopita akinionyesha picha ya gari ile kwenye simu, anaikuza kwa vidole mpaka kwenye lile tundu la boneti, kama mtu anayeonyesha picha ya mchumba. Mtu akipenda gari hivyo, waranti inakuwa kitu cha kujinyamazishia wasiwasi, na muuzaji anayejua kazi yake analiona hilo machoni. Mwenye mapenzi ndiye anayehitaji fundi asiye na mapenzi.

Tulikubaliana mambo matatu ya kumwambia muuzaji. Aandike kwa mkono wake ubovu anaoujua. Atoe siku tatu za hiari. Na adhamini ndani ya bei, siku thelathini tu, injini, giaboksi na tabo. Hakuna mwaka, hakuna masharti ya nyuma ya karatasi. Dada alikubali shingo upande, akasema pesa yake haitatoka mpaka fundi amwambie kwa mdomo wake.

Jumatatu tulifika yadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Fundi aliweka kiganja juu ya boneti, akatikisa kichwa kuridhika: baridi. Muuzaji, mtu mstaarabu wa miaka arubaini hivi, alitusikiliza mpaka mwisho. Siku tatu alikubali bila ya kufikiri. Injini na giaboksi alikubali, akavuta karatasi akaandika mwenyewe: siku thelathini, kwa gharama yangu. Maandishi yake mazuri. Alipofika kwenye tabo alisimamisha kalamu.

"Tabo siandiki," alisema. "Kwa tabo chukueni ile waranti."

Fundi hakusema neno. Aliomba ruhusa ya kufungua juu, muuzaji akasema fungua, akaingia ndani kupokea simu. Spana namba 12, boliti chache, mpira mmoja ulioshikilia kwa nguvu, na kile kipoza hewa cha juu ya injini kikatoka kizima mikononi mwake. Akatandika kitambaa cheupe chini, akakiinamisha taratibu. Oili ilianza kwa tone, kisha ikashuka mfululizo, nyeusi, kiasi cha nusu kikombe cha kahawa. "Kidogo ni kawaida," aliniambia. "Hii si kidogo."

Kijana alichuchumaa akaitazama ikienea kwenye kitambaa. Kisha akainuka, akajifuta mikono ingawa hakushika kitu, akaenda mpaka mlangoni kwa muuzaji.

"Na bila ya tabo," aliuliza, "bei yake ngapi?"